Kushinda Tamaa ya Vya Wengine: Mwongozo Kamili kwa Mkristo Aliyejaribu Kuridhika Akashindwa

Kila mwezi wa Januari, watu wa ushirika wetu wa nyumbani huku Mikindani, Mombasa, husimama mmoja mmoja kutaja jambo wanalotaka tuwaombee mwaka huo. Hawakosekani watatu au wanne wa kusema, "Niombeeni niache tamaa, niridhike na nilicho nacho." Tunaomba, tunaitika amina, tunakunywa chai. Ikifika Pasaka, watu wale wale wako pale pale, na pengine deni jipya limeongezeka. Hawana unafiki. Walilia machozi ya kweli. Mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wao kwa miaka, ndiyo maana nimekaa chini kuandika hatua hizi.

Kosa letu ni moja: tunaipiga vita tamaa kwa ujumla. Tazama amri ya kumi katika Kutoka 20:17. Haikusema usitamani, ikanyamaza. Imetaja nyumba ya jirani, mke wake, mtumwa wake, mjakazi wake, ng'ombe wake, punda wake, ndipo ikamalizia na chochote alicho nacho. Mungu alitaja vitu kwa majina kwa sababu tamaa huishi hivyo hivyo, katika kitu chenye jina, kwa mtu mwenye jina. Ukiomba "niondolee tamaa" bila kutaja ni ya nini na ya kwa nani, umefunga mlango wa mbele na mwizi yumo jikoni.

La pili la kujua kabla hujaanza: Paulo katika Wafilipi 4:11 anasema, "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo." Amejifunza. Hakuamka asubuhi moja akajikuta nayo. Kama mtume alijifunza, mimi na wewe tusione aibu kuanza darasa la kwanza.

## Utakavyohitaji

- Biblia yako, ile unayoisoma bila kuhangaika na maneno.
- Daftari moja na kalamu. Simu haifai, nitaeleza mbele.
- Taarifa ya pesa zako za simu na benki ya miezi 3 iliyopita.
- Mtu mmoja wa kuaminika, mwenye umri au imani ya kukuzidi, asiye na mdomo mwepesi. Mwanamke achague mwanamke, mwanamume mwanamume.
- Dakika 20 kila siku kwa wiki 6, saa ile ile. Mimi huchukua alfajiri kabla matatu hazijaanza kupiga honi.

Usianze kama umefiwa juzi au umefutwa kazi wiki hii. Wakati huo unahitaji kulia na kufarijiwa. Haya yatakungoja.

## Hatua ya 1: Tenganisha hitaji, hamu na tamaa

Gawanya ukurasa safu tatu. Ya kwanza andika hitaji, ya pili hamu, ya tatu tamaa. Kisha mimina kila unachokitaka kwa sasa, kikubwa na kidogo, kila kimoja mahali pake.

Hitaji ni kile ambacho bila hicho nyumba haiendi. Mama wa mtaa wa Bangladesh, hapa hapa Mikindani, anayetaka tangi la maji, kwa sababu mifereji hukauka siku kadhaa na mtungi wa lita 20 unanunuliwa kwa mkokoteni, huyo hana tamaa. Ana hitaji, na aombe bila haya. Hamu ni kutaka jambo jema la halali: kusoma zaidi, kuhamia nyumba isiyovuja, kupata kazi yenye mshahara bora. Biblia haijalaani hamu.

Tamaa inayokatazwa ina alama yake, nayo ni kwamba imeota kwenye shamba la mtu mwingine. Ili kuijua, jiulize maswali mawili kwa kila kitu ulichoandika. Kwanza: kama hakuna mtu hata mmoja atakayeniona nacho, bado ningekitaka? Pili, na hili ndilo linalouma: fulani akikipoteza kesho, moyo wangu utafurahi hata kidogo? Ukijibu ndiyo kwa la pili, kihamishie safu ya tatu, hata kama ulikiandika kama hitaji.

Onyo. Kuna mahubiri yanayotumia neno "ridhika" kumfunga mdomo maskini. Kibarua aliyefanya kazi wiki mbili asilipwe, akidai chake, hajatenda dhambi ya tamaa. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa wa watenda kazi unalia, na kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana. Anayeambiwa aridhike na dhuluma anaambiwa jambo ambalo Mungu hakulisema. Dai haki yako mchana, na daftari lako ulifungue usiku. Hayapingani.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na vitu viwili hadi vitano katika safu ya tatu. Ikiwa tupu, mpe mkeo au mumeo aisome, ukae kimya umsikilize.

## Hatua ya 2: Iandike tamaa kwa jina lake kamili

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mwembe Tayari na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alifungua kibanda cha tatu kutoka changu. Alikuja na cherehani ya umeme, na pembeni yake ovaloki. Asiyejua ushonaji ajue kwamba ovaloki ndiyo inayofunga ukingo wa kitambaa ndani ya nguo usifumuke. Ukiligeuza dera lake ndani nje, nyuzi zilikuwa zimelala kama zimechorwa. Mimi nilikuwa nakunja na kushona mara mbili, na bado baada ya kufuliwa mara tatu uzi ulichungulia.

Mwezi wa kwanza nilimpongeza. Wa pili nikaanza kuhesabu wateja wake. Siku moja nilikuwa nakanyaga huku macho yako kwake, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada. Hata hapo sikujifunza. Mwezi wa tatu mteja wangu wa siku nyingi aliniuliza mbona yule kijana anapata kazi kiasi kile. Nikamjibu, "Mama, mambo ya watu unayajua," nikainamia cherehani. Sikutaja mganga wala jini. Hapa Mombasa hakuna haja ya kutaja. Neno nusu linatosha.

Nilipokwenda kwa mzee wa kanisa nikamwambia nina shida ya tamaa, akaniuliza, "Tamaa ya nini, fundi?"

"Ya mali, mzee."

"Mali gani?"

Nikazungukazunguka. Mwisho nikasema, "Ovaloki."

"Ovaloki ya dukani, au ya mtu?"

Hapo ndipo nilipoona aibu. Maduka ya kuuza mashine nilikuwa nayapita kila siku, na sikuwahi kusimama hata dirishani. Niliyoitaka ni ile moja, ya yule kijana, na kusema kweli nilitaka zaidi asiwe nayo kuliko mimi niwe nayo.

Basi chukua kila kitu cha safu ya tatu, ukiandikie sentensi yenye nafasi tatu: "Natamani (kitu gani) cha (nani), kwa sababu nadhani nikikipata (nitakuwa nani)." Jina uandike la kweli. Daftari ni lako, na ukimaliza wiki 6 unaweza kulichoma.

Nafasi ya tatu ndiyo ngumu. Mimi nilijaza "nitaheshimiwa." Mama mmoja tuliyemsaidia aliandika kuhusu makochi ya shemeji yake, akajaza "mume wangu atakaa nyumbani jioni." Unaona? Makochi hayana uwezo huo. Wakolosai 3:5 inaita kutamani kuwa ni ibada ya sanamu, na zamani sikuelewa kwa nini neno zito hivyo. Nikaelewa siku ile: nilikuwa nimeiomba mashine inipe kitu ambacho ni Mungu pekee hutoa.

Dalili ya kufaulu: ukiisoma sentensi yako kwa sauti, unasikia haya au unalia. Ukisikia hasira juu ya yule mtu, hujafika. Andika upya.

## Hatua ya 3: Pima tamaa imefika wapi, kisha urudishe ulichochukua

Katika Yoshua 7:21, Akani, Mwisraeli aliyeiba nyara za Yeriko zilizokatazwa, anaeleza wizi wake kwa mpangilio wa ajabu. Aliona joho nzuri, fedha shekeli 200 na kabari ya dhahabu. Akavitamani. Akavitwaa. Akavificha mchangani katikati ya hema yake. Kuona, kutamani, kutwaa, kuficha. Kila tamaa hupita njia hiyo hiyo, na ni muhimu ujue yako imesimama kituo gani, kwa sababu dawa hutofautiana.

Ikiwa imeishia kwenye kutamani, ungama kwa Mungu na kwa yule mtu wako wa kuaminika. Inatosha. Usimwendee uliyemwonea wivu kumwambia, "Ndugu, nilikuwa nakuonea wivu miaka miwili." Umejitua mzigo, umembebesha yeye asiyekuwa na habari.

Ikiwa umekwisha kutwaa, ni lazima urudishe. Na usidhani kutwaa ni kubeba kitu mkononi tu. Mfalme Ahabu alipolikosa shamba la jirani yake Nabothi (1 Wafalme 21) alijilaza kitandani, akageuza uso, akakataa chakula, na shamba lilipatikana kwa mashahidi wa uongo. Ulimi ndio uliotwaa. Mimi sikuiba ovaloki, nilichukua jina la mtu.

Ilinibidi niende sokoni Kongowea, kule yule mama mteja wangu anakouza viazi. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, anachambua.

"Mama, siku ile nilisema neno kuhusu fundi jirani yangu."

"Naam."

"Halikuwa kweli. Nilikuwa na wivu."

Aliendelea kuchambua kidogo, kisha akasema, "Mimi nilishawaambia wawili, baba."

Tukaongozana kwa hao wawili, mmoja hapo hapo sokoni, wa pili Kisauni. Naandika haya ili ujue gharama yake. Tembea njia yote neno lako lilikopita, kadiri unavyoweza kuifuata.

Usiendelee na hatua ya 4 kabla hujamaliza hii. Wanaoruka hapa huanza kushukuru na kuimba huku kitu cha mwenzao kimefukiwa hemani, na shukrani hiyo haishuki moyoni.

## Hatua ya 4: Tundika pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia. Basi wewe lishone, litundike. Kwa wiki 6, zima hadithi za picha (status) za watu kwenye simu, ondoka kwenye makundi ya kuuza na kununua, futa programu za mikopo. Daftari nimetaka liwe la karatasi kwa sababu hiyo: ukifungua simu kuandika, utakutana na harusi ya mtu kabla hujafika kwenye sala.

Kama kuna njia unayopita makusudi ili uitazame nyumba ya fulani, badilisha njia. Usimkwepe mtu mwenyewe. Unakwepa kutazama.

## Hatua ya 5: Ingia patakatifu kila siku

Pazia peke yake halibadilishi moyo. Hatua hii ndiyo chakula, nyingine zote ni kuosha vyombo.

Soma Zaburi 73 yote, kila siku kwa wiki ya kwanza. Asafu, mwenye zaburi hiyo, anakiri kwamba miguu yake ilikaribia kuteleza, kwa sababu aliwaonea wivu wenye kujivuna alipoona wanavyostawi. Analalamika mistari mingi, na Mungu hamkatizi. Kisha mstari wa 17 unageuza kila kitu: aliingia patakatifu pa Mungu. Mali za wale watu hazikupungua. Yeye ndiye aliyebadilishiwa mahali pa kusimama, na ukifika mstari wa 25 unamsikia akisema, "wala duniani sina cha kupendeza ila Wewe." Usikimbilie mstari huo. Kaa kwenye malalamiko yake mpaka yawe yako, ndipo uingie naye.

Wiki ya pili na ya tatu chukua Waebrania 13:5: "mwe radhi na vitu mlivyo navyo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Shikilia hayo maneno "kwa kuwa." Hatuambiwi turidhike kwa kuwa vitu vinatosha. Wakati mwingine havitoshi, kodi ya nyumba haijui imani ya mtu. Tunaridhika kwa kuwa yuko mtu asiyeondoka. Rudi kwenye nafasi ya tatu ya sentensi yako, pale ulipoandika "nitakuwa nani," na umwambie Mungu neno lile lile. Mimi nilimwambia, "Bwana, nataka kuheshimiwa, na sijui kama wewe unaniheshimu." Sala hiyo fupi ilinifungua kuliko mikesha mingi. Na jibu nililipata polepole, katika kusoma kwamba Mwana wake alinunua mtu kama mimi kwa damu.

Wiki ya nne hadi ya sita soma Wafilipi 4:10-20. Mstari wa 13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," umeandikwa nyuma ya tuktuk na matatu nyingi mji huu, mara nyingi kwa maana ya "nitafanikiwa." Soma mstari ulio kabla yake. Mambo yote aliyoyaweza Paulo ni kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Aliandika akiwa kifungoni. Nguvu anayoisema ni ya kubaki mtu yule yule sahani ikijaa na sahani ikiwa tupu. Vilevile angalia kwamba katika barua hiyo hiyo anashukuru kwa msaada aliopelekewa kwa mkono wa Epafrodito. Kuridhika hakukumfanya akatae kusaidiwa.

Namna ya kutumia dakika 20: tano kusoma kwa sauti, kumi kuzungumza na Mungu kuhusu sentensi yako, tano kukaa kimya. Usiziruke hizo tano za mwisho.

Mafanikio hapa hayaji kwa kishindo. Kwa wengi huwa katikati ya wiki ya tatu: unagundua jioni kwamba tangu asubuhi hukukumbuka kile kitu.

## Hatua ya 6: Shukuru kwa hesabu

Kila usiku andika vitu vitatu, visirudiwe kwa wiki 6. Vya wiki ya kwanza vitakuwa vya kawaida, uzima, watoto, chakula. Kufikia wiki ya tatu utalazimika kutazama kwa karibu: upepo wa bahari ulioingia dirishani saa kumi, mahamri ya jana yaliyobaki laini, kondakta aliyekurudishia chenji uliyoisahau. Kwa kila kimoja andika kimepitia mkono wa nani.

Onyo moja tu, ila ni kubwa. Usishukuru kwa kukanyaga. "Asante Mungu mimi si kama wale wanaolala nje" ni sala ya Farisayo wa Luka 18:11. Inaonekana shukrani, kumbe ni ule ule mchezo wa kujipima na jirani, umegeuzwa tu uso chini.

## Hatua ya 7: Mbariki uliyemtamania

Anza wiki ya pili. Mwombee yule mtu kwa jina, uombe azidi katika kile kile unachomwonea. Kama ni biashara yake, omba iongezeke. Siku za kwanza maneno yatakuwa makavu kama mkate wa juzi. Endelea. Sala hiyo ni utii kwanza, hisia hufuata nyuma kwa miguu yake.

Kisha umtendee jema moja la mkono. Mimi nilingoja nafasi, na ilipokuja ilinikuta sijajiandaa. Stima ilikatika mtaa mzima jioni moja ya mwezi wa Januari, shule zinafunguliwa kesho yake. Nikiri kwamba kitu cha kwanza kilichonijia ni raha. Mashine zake zote mbili zimekufa, yangu inakanyagwa. Nilikaa na raha hiyo labda dakika mbili, nikiijua ni nini. Kisha kijana akasimama mlangoni na mfuko wa sare begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimebakisha sketi kumi na mbili. Wazazi wanakuja saa kumi na mbili asubuhi."

Nikainuka, nikamwambia aketi kwenye cherehani yangu, mimi nikakata nyuzi na kushona vifungo kwa mkono, taa ya simu imening'inizwa kwenye msumari. Hakuzoea kukanyaga, mkanda ulimtoka mara mbili, nikaurudisha. Tulimaliza kama saa tano usiku. Hatukusema mengi. Alipoondoka nilitafuta ile raha ya mwanzo, sikuipata.

Warumi 12:15 inatuamuru tufurahi pamoja na wafurahio. Watu wengi wema wanaweza kulia na anayelia. Kufurahi na anayefurahi ndilo somo gumu, na halisomwi kwa kukaa. Linasomwa kwa kazi kama hiyo.

Onyo: ukiwa umeumizwa na mtu huyo, kwa mfano amekuibia au kukupiga, hatua hii si ya kurudi mikononi mwake. Mwombee ukiwa mbali, na jema la mkono umfanyie mtu mwingine.

## Hatua ya 8: Weka kadiri

Sasa fungua ile taarifa ya miezi 3. Chora mstari chini ya kila pesa uliyotumia ili uonekane sawa na mtu, na kila mkopo wa simu uliochukua kwa kitu cha safu ya tatu. Jumlisha, pamoja na riba. Fanya mbele ya mwenzi wako kama unaye. Ni saa ngumu, msilaumiane.

Kisha chukua sala ya Mithali 30:8, inayoomba kutopewa umaskini wala utajiri, bali chakula kilicho kadiri yangu. Andika kadiri yako kwa tarakimu: chakula, kodi, karo, nauli, sadaka, akiba. Chochote kisicho hitaji kisubiri siku 7 kabla hujakinunua. Wana wa Israeli walipookota mana, kila mtu kadiri ya kula kwake, iliyowekwa hadi asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Si kwamba akiba ni mbaya, maana siku ya sita waliambiwa waweke na haikuoza. Iliyooza ni ile iliyowekwa kwa kutoamini.

Harusi na mazishi ndiyo mitego mikubwa kwetu, kwa sababu pale tamaa huvaa nguo ya heshima. Amua kiasi chako cha mchango kabla hujaingia kwenye kikao, ukiandike, usikiongeze kwa kuwa fulani ametoa zaidi.

Na madhabahu pia. Ukiambiwa upande mbegu ya pesa ili upate gari kama la fulani, hiyo sadaka inatoka safu ya tatu. Irudishe mfukoni.

## Hatua ya 9: Toa kitu unachokipenda

Wiki ya sita, toa kitu kizima, chema, ambacho mkono unasita kukitoa. Mpe asiyeweza kukulipa, na usipige picha. Usitoe karo ya mtoto wala pesa ya dawa, hivyo si vyako peke yako.

Mimi nilitoa mkasi. Asiye fundi anaweza kuona ni kidogo.

## Tamaa ikirudi

Itarudi, na mara nyingi itarudi na jina jipya, kwa hiyo usiitafute kwa jina la zamani. Ovaloki hainisumbui tena, na sijanunua. Nikihitaji ukingo ufungwe hupeleka kwa kijana, namlipa kwa kila nguo.

Itakaporudi, usianze wiki 6 upya. Rudi hatua ya 2 siku hiyo hiyo, uandike sentensi moja yenye nafasi tatu, umpigie mtu wako wa kuaminika kabla hujalala, na kesho asubuhi umtaje mwenye kitu katika sala. Ukigundua umekwisha kusema neno, fuata njia lilikopita.

Wiki iliyopita nimefungua ukurasa mpya. Ndugu yangu mdogo ameezeka nyumba Mtwapa, mabati ya rangi ya kahawia, na alinituma picha mwenyewe kwa furaha. Nimeandika kitu, nimeandika jina lake. Nafasi ya tatu bado sijaijaza. Jumamosi nitapanda matatu niende nikamsaidie kupaka rangi.